Nilivyopandisha Barafu Uluguru

Ninyi wa ofisi ya walimu mliniona Jumatatu nikichechemea, nimebeba deli lililojaa ndizi na mdalasini, mkaniuliza yaliyonisibu. Niliwajibu nusunusu kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Baadaye nikasikia inasemwa kwamba Festo alikwenda kuposa mlimani. Sikwenda kuposa. Nilikwenda kujibu swali la mwanafunzi mmoja. Naandika habari yote hapa ili nisiisimulie mara kumi, na ili mkicheka, mcheke lile lililotokea kweli.

Kihonda, kabla ya kufunga kamba

Baadhi yenu mnamfahamu Zuhura. Nilisoma naye chuo cha ualimu. Ni Mluguru wa Matombo, mwalimu wa Kiswahili, na shule anayofundisha iko juu ya Kinole, mahali ambapo gari halifiki. Mwalimu wao wa Jiografia alihama, na somo likamwangukia yeye. Alijitahidi, lakini alipofika kwenye mikondo ya bahari akanipigia simu.

"Kaka Festo, hapa nimekwama. Naweka sauti kubwa, wafundishe wewe."

Nikawafundisha kidato cha nne cha mlimani nikiwa nimekaa kwenye kiti changu Kihonda. Niliwaambia yale ninayowaambia wanafunzi wangu miaka yote: kwamba huko kwenye ncha za dunia maji ya bahari hupoa, huwa mazito, huzama mpaka chini kabisa, kisha hutambaa juu ya sakafu ya bahari polepole kuja pande za joto. Na maji ya juu, yaliyokwisha kuota jua la huku kwetu, huvutwa kwenda kuziba nafasi, yakibeba joto kuwapelekea watu wa nchi za baridi. Safari moja ya kuzunguka hivyo yaweza kuchukua mamia ya miaka.

Nikauliza kama kuna swali. Ikaja sauti ya msichana, ya taratibu:

"Mwalimu, barafu si ndiyo maji yaliyopoa kuliko yote? Mbona yenyewe inaelea? Kama maji baridi yanazama, barafu ingekuwa chini."

Ndugu zangu, nilijua vipande vya jibu, lakini havikushikana kichwani. Ningeweza kusema hivyo. Badala yake nikasema, "Binti, fuata kinachofundishwa, usiwapotezee wenzako muda." Halafu nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Wiki tatu zikapita. Siku moja katika mazungumzo mengine kabisa Zuhura akanitajia, bila kunilaumu, kwamba yule msichana anaitwa Tausi na tangu siku ile hajanyoosha mkono. "Hata kwenye kipindi changu. Na yeye ndiye alikuwa analiamsha darasa." Angenigombeza ningejitetea. Hakunigombeza, nikakosa pa kushika.

Nikarudi vitabuni kama mwanafunzi. Nikalipata jibu, nikaona ni zuri mno kulisema kwenye simu. Nikaamua niende nikawaonyeshe kwa macho, wiki ya likizo fupi, maana kidato cha nne cha Zuhura walikuwa wanaendelea kuja shuleni kwa masomo ya ziada.

Basi nikaazima tangi la kioo la samaki wa mapambo kutoka kwa kinyozi wangu. Jirani yangu anayeuza barafu za ukwaju akanigandishia mabonge ya maji niliyoyatia rangi ya keki, ya buluu, pamoja na barafu nyeupe ya kulinda ile ya buluu. Nikatia barafu yote ndani ya deli la kuuzia aiskrimu. Humo nikalaza pia chupa moja ya maji ya chumvi nyingi, nayo ya buluu. Asubuhi ya Jumatano, kabla jua halijatoka vizuri, nikawa njiani.

Kwa lori hadi Mkuyuni

Nilipata lifti kwenye lori lililokuwa linakwenda tupu kupakia ndizi. Dereva aliitwa Shabani, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Tangi nililiweka nyuma, juu ya magunia matupu. Deli nililipakata mapajani kama mtoto.

Tulipopita Bigwa akalitazama deli, akaniuliza, "Chanjo?"

"Barafu."

"Ya kuuza?"

"Ya kufundishia."

Akabadilisha gia. Kisha: "Kufundishia nini?"

Nikamweleza. Nilianza na mkondo mkubwa kuliko yote, ule unaoizunguka Antaktika. Nikamwambia kwamba huko kusini kuna upepo usiopumzika, na maji yanayosukumwa na upepo huo yanazunguka bara zima kutoka magharibi kwenda mashariki, yanajirudia mahali yalipoanzia, bila kugonga nchi kavu, maana kwenye njia yao hakuna nchi ya kuyazuia.

"Bila kituo?" Shabani akauliza.

"Bila kituo."

"Na trafiki je?"

"Hakuna hata mmoja."

Akacheka mpaka lori likayumba. Halafu akawa makini. "Mwalimu, mto kama huo una maji kiasi gani?"

"Chukua mito yote ya dunia, Ruvu na Rufiji na mingine yote usiyoijua, uiunganishe iwe mmoja. Bado haufikii."

Alipunguza mwendo. Alitazama barabara kama mtu aliyepewa taarifa ya ndugu yake. "Na mimi nilidhani bahari imekaa tu," akasema. "Inakupwa na kujaa, basi."

Nikaona raha. Nikasahau barabara. Na yeye, kwa kusikiliza, akaisahau pia, tukaingia kwenye shimo moja baada ya Kiroka ambalo sote tulilijua. Nyuma tukasikia mlio mmoja, mfupi.

Tukashuka. Tangi la kinyozi lilikuwa vipande vinne na vumbi la kioo. Shabani akavua kofia.

"Pole, Mwalimu. Kosa langu."

"Kosa letu," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakupeleka Antaktika."

Tuliokota vioo, tukavifunga kwenye gunia moja. Tangi la kinyozi nimekwisha kulilipa kwa lingine, kwa hiyo msinikumbushe.

Mkuyuni, na mguu wa Mama Shamte

Mkuyuni tulifika kabla ya saa tatu, na hapo safari ikasimama. Njia ya kupanda Kinole ilikuwa imefungwa. Gema lilikuwa limeporomoka kwa mvua ya juzi, na watu walikuwa wanaondoa udongo kwa majembe. Waendesha bodaboda waliniambia nusu saa. Nusu saa ya Mkuyuni ilikwenda mpaka saa tisa.

Niliketi kwenye kivuli cha banda la gulio, deli kati ya miguu. Kosa langu la pili lilikuwa kulifungua kuchungulia. Mtoto mmoja aliyekuwa anapita na mama yake akaona buluu.

"Mama, barafu!"

Dakika mbili baadaye nilikuwa na wateja saba. Nikawaambia siuzi. Mzee mmoja akanishauri kwa upole kwamba mfanyabiashara anayekataa kuuza kwenye jua kali hivi ana matatizo nyumbani. Mwingine akauliza ladha ya buluu ni ya tunda gani. Nilipoeleza kwamba haina sukari, ni maji na rangi, walinitazama kwa huruma, wakatawanyika wakiamini kwamba nimetapeliwa.

Aliyebaki ni mama mmoja muuza mchele, jirani wa banda nililoegemea. Wote walimwita Mama Shamte. Alikuwa anashusha gunia kutoka kwenye mkokoteni, gunia likamvuta, mguu ukateguka. Nilisikia akisema "Ah!" mara moja tu, akaketi chini polepole. Nilipofika kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba.

Sikufikiri. Nilitoa barafu nyeupe, nikaifunga kwenye kanga yake, nikaiweka juu ya kifundo. Alifumba macho.

"Hii dawa umeitoa wapi, mwanangu?"

"Ni barafu tu, mama."

"Sasa si ulisema huuzi?"

"Siuzi. Hii nakupa."

Tulikaa hivyo karibu saa nzima, nikibadilisha bonge kila lile la kwanza linapoyeyuka. Nilipotazama ndani ya deli, barafu nyeupe ilikuwa imebaki kidogo, na mabonge ya buluu yameanza kutoa jasho. Nadhani uso wangu ulisema kitu, maana Mama Shamte aliniuliza inakwenda wapi. Nikamwambia. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia hilo pia, mpaka la kumkatisha msichana. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu nilikuwa nimeushika mguu wake.

Hakunipa mawaidha. Alimwita mtu wa mashine ya kukoboa, akamwambia kitu kwa Kiluguru, na yule akaja na nusu gunia la maganda ya mpunga.

"Mimina humo ndani," Mama Shamte akasema. "Zamani samaki waliletwa hapa kutoka mjini na barafu, na wachuuzi waliifukia kwenye maganda kama haya. Joto halipiti. Halafu funga na gunia. Na usiifungue tena kwa ajili ya mtu yeyote, hata mimi nikiteguka mguu wa pili."

Akaniagizia mihogo ya kukaanga na kachumbari, akanikatalia nisitoe hata senti. Niliila nikitazama kilima, na ilikuwa mitamu kuliko nilivyostahili.

Kinole, mitungi miwili ya bisikuti

Njia ilipofunguliwa nilipata bodaboda. Mwendesha pikipiki alikataa kata kata deli lisifungwe nyuma. Alitaka liwekwe mbele yake, juu ya tangi la mafuta, na aliendesha kwa heshima kama amebeba mgonjwa. Tulipofika Kinole, jua lilikuwa limekwisha kwenda nyuma ya mlima na hewa inanukia karafuu zilizoanikwa. Zuhura alikuwa amenitafutia pa kulala kwa mwenye duka, mwanamke mrefu aliyekuwa mjomba wake upande wa mama, kama alivyosema mwenyewe. Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza kwamba kwao ukoo ni wa mama, na yeye ndiye amekikalia kiti cha marehemu kaka yake katika mambo ya ukoo, kwa hiyo Zuhura humwita mjomba kwa utani na kwa adabu pia. Na mimi nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akapenda. Nikaletewa ndizi za nazi na samaki mkavu, na chai ya mdalasini iliyonitoa machozi.

Hapo ndipo nilipomwambia kuhusu tangi lililovunjika. Sikuwa na chombo cha kuonyesha chochote. Bila kioo, darasa zima lingekuwa linatazama ndoo.

Mjomba akatazama rafu zake. Akateremsha mitungi miwili mikubwa ya kioo, ya kuwekea bisikuti na visheti. Akamwaga visheti vyote kwenye sinia.

"Hii inaonyesha ndani," akasema. "Ni miwili. Au mmoja unatosha kwa kazi yako?"

"Mmoja unatosha," nikasema.

"Chukua yote. Mmoja ukivunjika kama ule, usirudi kulia hapa."

Nilichukua yote kwa kumridhisha. Kumbukeni hapo: mtungi wa pili nilipewa kwa sababu mwanamke mmoja hakuuamini mkono wangu.

Kwa miguu hadi shuleni

Alhamisi asubuhi Zuhura aliteremka kunipokea. Miaka haikumbadilisha, alikuwa na mwavuli kwapani na viatu vya plastiki. Alitazama viatu vyangu vipya vya ngozi, akasema, "Yesu wangu," na yeye ni Mwislamu.

Tulipanda kwa muda wa saa mbili na nusu. Mimi ni mtu wa Makete, nimekulia kwenye baridi na milima, na nilikuwa nimejitangazia hivyo mara nyingi ofisini. Nakiri mbele yenu kwamba miaka ya Kihonda imenifanya mtu wa tambarare. Zuhura alibeba mitungi kichwani, mmoja ndani ya kikapu na mwingine juu yake, na alizungumza njia nzima. Mimi nilibeba deli na sikuwa na pumzi ya kujibu. Tulivuka kijito kimoja mara tatu. Maji yake yalikuwa meupe, yana haraka. Malengelenge yalianza kwenye kisigino cha kulia kabla ya kuvuka mara ya pili.

Tulipopumzika nikamuuliza, "Ananichukia?"

"Nani?"

"Tausi."

Zuhura akafunga mwavuli. "Sijamuuliza. Wewe ndiye uliyesema neno, wewe ndiye utamuuliza."

Shule ilikuwa safu mbili za madarasa juu ya mgongo wa mlima. Wanafunzi walisimama mlangoni, wakasema shikamoo kwa pamoja, na mimi nikajibu marahaba nikiwa nimeshika ukuta.

Darasani

Nilifungua deli mbele yao. Katikati ya maganda ya mpunga mabonge ya buluu yalikuwa yamekonda, lakini yalikuwepo. Mama Shamte, popote ulipo, yalikuwepo.

Nilijaza maji mitungi yote miwili, nikaiacha ikae mpaka maji yatulie. Kisha nikatia chumvi kwenye mmoja, chumvi nyingi, nikakoroga, kwa sababu nilitaka mambo yafanane na bahari. Nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyetoka mjini: "Sasa mtaona kwa macho yenu maji baridi ya ncha ya dunia yakizama." Nikalitumbukiza bonge la buluu.

Likaelea. Hilo nililitarajia. Likaanza kuyeyuka. Na ile buluu, badala ya kushuka, ikatandaa juu ya maji kama kitambaa juu ya meza. Chini ya kitambaa hicho maji yalibaki meupe kabisa. Tulingoja. Haikushuka hata uzi mmoja.

"Mwalimu, imegoma," akasema mmoja wa nyuma.

Darasa likacheka. Mabega ya Zuhura yalikuwa yanatikisika. Mimi, mwalimu wa mikondo miaka yote hii, niligundua nikiwa nimesimama mbele ya watu arobaini kwamba jambo hili sijawahi kulifanya kwa mikono yangu. Nimelichora ubaoni mara nyingi sana, mishale myekundu na mishale ya buluu. Kulitazama, sijawahi.

Nilianza kugeukia ubao. Ndipo nikamwona msichana mmoja wa dirishani. Hakucheka. Alikuwa amejivuta mpaka ukingoni mwa dawati, macho kwenye mtungi. Nikamtazama Zuhura, Zuhura akaitikia kwa kichwa: ndiye.

"Tausi," nikasema. "Unaona nini?"

Akaelekeza kidole kwenye mtungi wa pili.

"Mtungi ule mwingine hauna chumvi," akasema kwa sauti ndogo.

"Hauna."

"Tujaribu huo."

Nikatia bonge. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha kutoka chini ya bonge ukachomoza uzi wa buluu, ukashuka moja kwa moja, ukafuatwa na mwingine, na mwingine, kama mvua inavyoonekana kwa mbali juu ya bonde. Zilipofika chini zikajilaza, zikaanza kutambaa kwenye sakafu ya mtungi. Wanafunzi walikuwa wamesimama juu ya madawati. Zuhura alikuwa juu ya lake.

Tausi alikuwa amekwisha kuja mbele. Alitazama mtungi huu, akatazama ule. "Barafu yenyewe haina chumvi," akasema, akijiambia zaidi kuliko kuniambia. "Ikiyeyuka kwenye maji yasiyo na chumvi, maji yake yanashindana kwa baridi tu, yanashinda, yanazama. Ikiyeyuka kwenye maji ya chumvi, yanashindwa uzito. Yanabaki juu."

"Maji baridi!" Zuhura akapiga kelele kutoka juu ya dawati. "Festo, tatizo lako ni Kiswahili! Samaki wa ziwani tunawaita samaki wa maji baridi. Si kwa sababu wanatetemeka. Kwa sababu maji yao hayana chumvi! Umewaambia watoto maji baridi yanazama, na maji baridi ya aina ile ya pili ndiyo hayo yanaelea mbele yako!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikasimama, nikawaeleza lile nililopandisha mlima kuwaeleza, na sasa lilieleweka. Kwamba maji yakiganda hutanuka, kwa hiyo bonge la barafu huwa jepesi kuliko maji ya ukubwa uleule, ndiyo maana lilielea kwenye mitungi yote miwili. Na kwamba maji ya bahari yanapoganda, chumvi haigandi nayo, huachwa nje. Barafu huelea juu ikiwa karibu haina chumvi, na maji yanayobaki chini yake yanakuwa baridi sana na yenye chumvi zaidi, mazito kwa sababu mbili. Hayo ndiyo yanayozama. Huko Antaktika upepo hutoka barani na kuisukuma barafu mbali na ufukwe, maji mapya yanagandishwa, chumvi nyingine inaachwa, na mengine yanazama tena, majira yote ya baridi.

Nikachukua ile chupa ya maji ya chumvi nyingi, bado baridi. Mmoja akakimbia kuleta bomba la jani la mpapai. Nikalisimamisha ndani ya mtungi wa chumvi, nikamimina taratibu, na buluu ikatoka chini, ikateleza kwenye kitako cha mtungi, ikajaza sakafu. Sasa mtungi ulikuwa na buluu juu, buluu chini, na katikati weupe.

Nje upepo ulikuwa unapiga mabati. Nikawaambia kwamba maji yaliyozama huko kusini husafiri gizani mpaka yanafika mbali sana, na kwamba hata chini kabisa ya bahari hii yetu, mbali na ufukwe wa Dar, yamo maji yaliyowahi kulala chini ya barafu ya Antaktika kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Niliyasema maneno hayo nikayasikia. Nilikuwa nimeyasema mara nyingi bila kuyasikia.

Nikawaambia pia, kwa kuwa mtungi wenyewe ulikuwa umeshalionyesha, kwamba barafu za nchi kavu zikiyeyuka nyingi kupita kiasi, maji yake hutandaa juu ya bahari kama kile kitambaa cha kwanza, na wanasayansi wanahofia kwamba kuzama kutapungua. Tausi aliandika. Hakunyoosha mkono.

Kushuka

Nililala kwa Zuhura, na Ijumaa asubuhi nikaanza kuteremka peke yangu. Wazazi wa wanafunzi walikuwa wamenijazia deli ndizi na mdalasini. Visigino vyangu vilikuwa vimefungwa matambaa.

Kwenye kile kijito nikakutana na Tausi anapanda kwenda shule. Kwao kulikuwa ng'ambo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tausi, simama kidogo."

Akasimama. Nikasema, "Siku ile kwenye simu nilikujibu vibaya. Swali lako lilikuwa zuri na mimi nilikuwa silijui jibu. Nisamehe."

Aliangalia maji. Nadhani hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia hivyo, na alikuwa anatafuta aweke wapi uso.

"Mwalimu Zuhura anasema tangu siku ile umeacha kuuliza kwa sababu yangu," nikaongeza.

"Nilikuwa naumwa jino," akasema.

"Jino?"

"La nyuma. Nikifungua mdomo upepo unaingia. Wakaling'oa Mkuyuni wiki iliyopita."

Nilibaki nimeshika deli. Kilima chote kile, tangi la kinyozi, visigino vyangu.

Kisha akasema, bado anatazama maji, "Jino liling'olewa. Ile hasira nilibaki nayo."

"Na sasa?"

Akafikiri kwa uaminifu, kama alivyoutazama mtungi. "Sasa kidogo."

Nikashukuru kwa hicho kidogo. Nikampa mkono, akaupokea huku akikunja magoti, nikavuka kijito, nikaanza kushuka. Nilikuwa nimepiga hatua kama kumi aliponiita.

"Mwalimu! Yale maji yasipozama. Yale ya juu hayatavutwa tena kwenda huko kwenye baridi, si ndiyo?"

"Yatapungua, ndiyo."

"Sasa lile joto ambalo yangelibeba litakwenda wapi? Litabaki huku kwetu?"

Nilikuwa na vipande, kama siku ile. Najua kwamba ncha moja ya dunia ingepoa na pande nyingine zingepata joto zaidi, na mvua zingehama njia zake. Lakini zingehamia wapi, na juu ya mlima huu je, na mapema kiasi gani?

"Sijui, Tausi," nikasema. "Nimesoma kidogo, na hata wanaolipima jambo hilo baharini bado wanabishana. Sijui."

Akatua mfuko wake juu ya jiwe. Akatoa daftari, akaandika swali amesimama, maji yanapita chini ya miguu yake. Kisha akafungua ukurasa uliofuata, akachora mstari juu kabisa, akaacha ukurasa wote mtupu.

"Huo wa nini?" nikauliza kutoka upande wangu wa kijito.

"Wa jibu," akasema. Akalifunga daftari, akapanda kwenda shule.